Sale Lile Lilikuwa la Aneti

Jumatano, siku mbili baada ya Krismasi. Jua kali, mlima umejianika wazi tangu asubuhi, hata kiwingu kimoja hakuna. Nimeshuka mjini kununua sukari na mafuta ya kupikia, ndivyo nilivyoaga nyumbani. Ukweli ni kwamba nimekuja hapa kwenye duka la intaneti kuandika, maana kule juu Uru nyumba imejaa watu na hakuna kona ya kukasirikia.

Nimekasirika. Nasema mapema ili asiyetaka kusoma hasira za watu afunge ukurasa.

Kwa mgeni wa shajara hii: mimi ni Mama Aneti. Naishi Dar, nimeolewa Uru, na kila Desemba tunapanda huku kama Wachagga wote, ingawa mimi si Mchagga. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa kwenye mashamba ya huko tambarare, chini ya mji, nami nikazaliwa kwenye kota za wafanyakazi. Kwa wakwe zangu mimi ni chasaka, yaani mtu wa kuja. Wananiita hivyo kwa utani, nami nacheka nao, mwaka wa kumi sasa.

Jana nilimpeleka binti yangu kwenye michezo. Kuna uwanja hapa mjini karibu na mtaa wa Soweto, wameleta mashine za sikukuu: treni ya watoto, farasi wa kuzunguka, na mtambo mmoja mrefu wenye viti vinavyoning'inia kwa minyororo. Ukianza kuzunguka, viti vinapaa na kutawanyika hewani. Watoto wa mji wameubatiza Pangaboi. Wamepatia, maana ni feni ya dari kabisa, isipokuwa hii inabeba watu.

Aneti ana miaka minane. Treni aliitazama mara moja akasema ile ni ya watoto. Yeye anataka Pangaboi. Wakampima kwa fimbo yenye mstari mwekundu, urefu ukafika. Wifi yangu Flora, tuliyekuwa naye, akasema asipande. Nikasema apande.

Mzunguko wa tatu akaanza kulia. "Mama, nishushe! Nishushe!" Kila akipita mbele yetu sauti inakuja, inapotea nyuma ya mtambo, inarudi tena. Fundi, baba mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameshaweka mkono kwenye swichi. Akanitazama. Alikuwa ananiuliza kwa macho kama azime.

Nikatikisa kichwa.

Kesi yote iko hapo. Nilitikisa kichwa na mtambo ukaendelea mpaka mwisho wa zamu. Flora alinishika mkono akaniuliza nina roho gani. Nilikuwa nahesabu mizunguko.

Aneti akashuka. Alitapika soda yote kando ya uzio, akajifuta mdomo kwa gauni jipya la Krismasi. Halafu akasema maneno mawili tu: "Nimeona kanisa." Kumbe kutoka kule juu aliona bati la kanisa la Uru likimetameta huko mlimani. Baada ya hapo hakusema kitu njia nzima.

Flora naye alisema kwa niaba yake. Hata mkoba hajauweka chini, ukoo mzima ukawa umeshajua.

Sasa lazima nieleze jambo moja la huku. Aneti ni jina la mama mkwe wangu. Binti yangu amelirithi, na kwao mtoto aliyebeba jina lako ni wewe mwenyewe, mdogo tu. Kwa hiyo Bibi hakuniuliza kwa nini nimemtisha mtoto. Aliniuliza kwa nini nimemtisha yeye.

"Umenining'iniza mimi kwenye minyororo," akasema mbele ya watu wote, vikombe mkononi. "Nalia nishuke, wewe unakataa. Yeleuwi! Mwanangu, nimekukosea nini mimi?"

Hukumu ikatoka hapo hapo: nimpelekee Bibi sale kabla ya Ijumaa, siku ya kuchinja mbuzi wa ukoo. Sale ni yale majani marefu ya kijani wanayopanda kuwa mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani. Ukimkosea mtu unachuma jani moja, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Na akishaletewa sale haruhusiwi kukataa kusamehe. Naipenda sana mila hii. Nimeshawahi kuona ndugu wawili wasiosalimiana wakimalizana kwa jani moja kabla chai haijapoa.

Lakini mimi kwa Bibi sikupeleka.

Niwaambie waliokuwa wamenikalisha kitako ni nani. Shemeji yangu mkubwa, ambaye kila Krismasi, pombe ya mbege ikimkolea, anasimulia walivyokuwa wanakalia magome ya mgomba na kuteleza nayo mteremko mzima hadi mtoni, na aliyeruka kabla ya jiwe kubwa aliitwa mwanamke. Mume wangu, ambaye ana kovu kidevuni kwa sababu ya jiwe hilo hilo. Flora, aliyevuka korongo juu ya gogo moja kwenda shule, mvua na jua. Hao ndio walionitazama kama muuaji. Wao walitishwa bure na mlima wao, hakuna fimbo yenye mstari mwekundu wala mtu wa kukaa kwenye swichi, na leo hadithi hiyo wanaisimulia kwa raha mpaka machozi yanawatoka. Mtoto wangu katishwa akiwa amefungwa mkanda, nimekuwa mchawi.

Nilipowauliza hivyo, shemeji akasema ile ilikuwa michezo ya kwao, hii ni mashine ya watu.

Mimi nasema mchezo usiotisha kidogo hauna maana. Kama shida ni mtoto asiogope, mwache akae kwenye kochi sebuleni. Aneti wangu amekulia nyuma ya geti. Madirisha yana nondo, shule anapelekwa na gari, anarudishwa na gari, akimwona jogoo anapanda kwenye kiti. Huu si ulinzi. Tunamlea aogope kila kitu halafu tunamshangaa akiogopa. Naona heri aijue hofu mapema, aione ina mwanzo na mwisho, ajue kwamba moyo ukikimbia hivyo mtu hafi.

Haya yote nayaamini jana, leo na keshokutwa.

Lakini kuna jambo sikuwaambia pale sebuleni, na nikiliacha hapa shajara hii itakuwa ya uongo. Mimi mwenyewe sikupanda.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi. Fundi aliniuliza kama napanda, nikasema nashika mikoba. Mikoba! Flora alikuwa na mikono miwili mizima. Ukweli ni kwamba mimi siwezi kusimama hata kwenye stuli kuweka pazia, namwita Baba Aneti. Mama yangu, mgeni kwenye kota za miwa, alitulea kwa maneno matatu: usiguse, usiende, si kwetu. Wenzangu walikuwa wanadandia matela ya miwa, mimi nachungulia mlangoni. Nimefikisha miaka thelathini na nne nikiwa bado nachungulia.

Kwa hiyo nilimtuma mtoto wa miaka minane akawe jasiri kwa niaba yangu. Na aliponiita, niliogopa akishuka katikati atakuwa kama mimi. Ndiyo maana nilitikisa kichwa. Sikuwa namfikiria yeye.

Hofu ya mtambo sijutii. Najutia kwamba aliomba kushuka na aliyejibu nikawa mimi, niliyesimama ardhini.

Leo asubuhi nilitoka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, nikachuma sale. Fundo lilinishinda, nikalifunga mara tatu. Nikamkuta Aneti bandani, analisha mbuzi maganda ya ndizi, kwa mbali, anayarusha. Nikapiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili.

"Aneti, jana uliniomba ushuke nikakataa. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Akalitazama jani, akanitazama. Binamu zake wameshamfundisha mambo ya huku kuliko mimi. "Mama, sale si anapewa mtu mkubwa?"

"Anapewa aliyekosewa."

Akalizungusha zungusha vidoleni. "Kwa hiyo siruhusiwi kukataa?"

"Huruhusiwi."

Nilidhani ataomba soda. "Basi nimekusamehe. Lakini kesho tupande tena Pangaboi, mimi na wewe. Na anayesema isimame ni mimi."

Mtu uliyempelekea sale hutakiwi kubishana naye. Nikasema sawa, na nilipoinuka magoti yalikuwa yamejaa kinyesi cha mbuzi.

Hapo ndipo Bibi alipotokea na ndoo. Akaona jani mkononi mwa mjukuu. "Nani kakupa hilo?"

"Mama."

"Yeleuwi! Sale apewe mtoto? Tangu lini?"

Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Ndiye niliyemkosea." Nilisema kwa adabu zote, lakini nilisema. Nilikuwa tayari kwa vita. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno.

Bibi akaweka ndoo chini. Akatutazama wote wawili. Kisha akaanza kucheka, akapiga makofi, akamwita Flora, akaita wanaume, akaita na majirani. "Njooni mwone! Chasaka wetu ameleta sale! Kampa Aneti. Aneti ni nani? Si mimi? Basi limenifikia. Nimepokea, kesi imekwisha!"

Flora akapiga vigelegele. Shemeji akanipa mkono. Mume wangu akaninong'oneza ninyamaze tu, mambo yameisha vizuri. Kila ninapofungua mdomo kueleza, mtu ananikumbatia.

Kwa hiyo naeleza hapa, mahali pasipo na wa kunikumbatia. Mimi sikumwomba Bibi msamaha. Nampenda Bibi, ni mwanamke wa maana, na kwa ujanja ule wa asubuhi namvulia kofia. Lakini kwa yale ya jana sikumkosea yeye, na Ijumaa nitakula mbuzi wao nikiwa sijaomba radhi mtu mzima yeyote. Sale lile lilikuwa la Aneti mdogo.

Mwenyewe analijua hilo kuliko wote. Bibi aliponyoosha mkono achukue jani akaliweke ndani, kama inavyotakiwa, Aneti alilificha nyuma ya mgongo.

"Hapana Bibi. Hili ni langu. Ni la kusimamishia mashine."

Watu walicheka sana. Aneti hakucheka. Wala mimi.

Kabla sijaingia hapa dukani nilipitia pale uwanjani. Mtambo ulikuwa unazunguka, watoto wanapiga kelele, nami nikasimama mbali kidogo, shingo inaniuma kwa kuutazama. Ni mrefu kuliko nilivyoukumbuka. Nikamsubiri yule fundi mpaka akapata nafasi, nikamweleza: kesho saa nne tunakuja watu wawili, mmoja ni mtoto atakayeshika jani la sale. Akiliinua tu, zima. Hata kama ni mzunguko wa kwanza. Mimi usinitazame.

Akavua kofia, akajikuna kichwa. Ni mtu wa huku, sale analijua.

"Na ukilia wewe, mama?"

Nikamwambia amtazame mtoto.