Dakika Tisa Zilizobaki

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, ingawa nakiri mapema kwamba kuomba si tabia yangu, na kwamba safu hii nimeisoma miaka mingi zaidi kwa kubishana nayo kuliko kwa kujifunza. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mkazi wa Utemini hapa Singida mjini, nina shahada ya elimu ya viungo na michezo, na ninaishi na mama yangu mzazi, Severina, mjane, mzaliwa wa Kinyangiri, ambaye mwaka jana alipimwa kliniki akakutwa na sukari kumi na tatu kabla ya kula na uzito wa kilo tisini na nne, na muuguzi akamwambia kwa sentensi moja tu, "Mama, punguza mwili, fanya mazoezi," kana kwamba mazoezi ni vidonge vya kuhesabiwa na kufungwa kwenye karatasi.

Mazoezi gani, kwa muda gani, kwa kasi ipi, muuguzi hakusema, na mimi niliyesomea jambo hilo hilo miaka mitatu, kisha nikakaa miaka mingine mitatu bila shule wala ofisi iliyoona haja ya kunipa kazi, niliona kwamba hatimaye amepatikana mtu mmoja duniani anayeihitaji elimu yangu. Nikampangia kutembea kwa kasi nusu saa kila asubuhi, siku sita kwa wiki, mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba, na jioni tatu za kujenga misuli: kuketi na kuinuka kitini mara kumi, kusukuma ukuta mara kumi, kuinua dumu la lita tano la mafuta ya alizeti kwa kila mkono, mizunguko mitatu. Ugali nikaupunguza ukawa wa ukubwa wa ngumi yake, mlenda nikauongeza, sukari kwenye chai nikaiondoa kabisa. Nilimnunulia viatu vya raba, na kila asubuhi nilitoka naye mwenyewe nikiwa na saa mkononi.

Kikwazo kilikuwa salamu. Wewe huenda unaishi mahali ambapo mtu husema "habari" akapita, lakini kwetu Wanyiramba salamu haipitwi. Mama akiamkiwa shikamoo na mtoto wa jirani lazima aitikie na kumuuliza bibi yake ameamkaje, akikutana na mkubwa wake lazima asimame, aulizwe ya nyumbani, ya mvua, ya mjukuu aliyezaliwa Kintinku, na katika nusu saa yangu alikuwa anatembea dakika kumi na moja. Nilimweleza kwamba mapigo ya moyo yakishuka kazi inaharibika. Nikamwekea sheria: mkono juu, tabasamu, usisimame. Alisema, "Baba, watu watasemaje?" nikamjibu kwamba watu hawaji kliniki kuchomwa sindano kwa niaba yake. Basi majirani wakawa wanajibiwa kwa mbali tu kwamba dakika zake zitaisha. Najua wapo wataalamu wanaosema nusu saa yaweza kugawanywa vipande vipande, lakini hilo sikumwambia, kwa kuwa nidhamu ukiitoboa tundu moja, yote humwagika.

Na matokeo yalikuja. Miezi minne, kilo tisa zikaondoka, sukari ikashuka hadi saba na nusu, na muuguzi yule yule akauliza, "Mama, umetumia dawa gani?" Mama akasema, "Mwanangu amesoma."

Sasa nifike pale panapouma. Asubuhi moja ya mwezi wa tano tulikuwa tunapita nyumbani kwa Mama Hana, rafiki wa mama kwa miaka kumi na tisa, ambaye mumewe, Mzee Enock, alikuwa kitandani kwa muda mrefu na binti yao ameolewa mbali. Mimi nilikuwa mbele, nimekwisha kufika kwenye kona ya duka la Esmail, niliposikia Mama Hana akiita kutoka mlangoni, "Mama Hezekia, simama kidogo." Mama aliniangalia. Nilimwonyesha saa, nikainua vidole tisa, kwa maana zilibaki dakika tisa. Mama akainua mkono, akatabasamu kama nilivyomfundisha, akapita. Tulirudi kwa barabara ya pili, na tulipokuwa tunavua viatu tukasikia kilio.

Mzee Enock alikuwa amekata roho muda mfupi kabla hatujapita. Mama Hana alikuwa peke yake ndani, alitaka mtu wa kumsaidia kumfumba macho na kumnyoosha marehemu kabla mwili haujakakamaa. Alimnyoosha peke yake.

Msibani mama alikwenda na unga wake, akajifunga kanga ili aingie kupika na wenzake, na Mama Hana, aliyekuwa ameketi mkekani, akasema bila kupaza sauti, "Msimcheleweshe huyo, dakika zake zitaisha." Wanawake wengine wakacheka, msibani, Mshauri, wakacheka. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mama Dakika, vijana wa bodaboda wanamuuliza, "Mama Dakika, leo umebakiza ngapi?" na hata Rashmi wa duka la vitambaa, mtu mpole, alilitamka siku moja akidhani ndilo jina lake.

Mama ameacha kutoka. Raba alizifua, akazikausha, akazirudisha kwenye boksi lake na kuniwekea kitandani, akasema, "Hizi ni zako, baba." Anakula ugali kama zamani na kuweka vijiko vitatu vya sukari mbele ya macho yangu, kilo saba kati ya zile tisa zimerudi, na wiki iliyopita kipimo kilisoma kumi na saba. Nilipomwambia kwamba hakuna kosa alilofanya, kwamba alidhani ni salamu ya kawaida, alisema, "Ile sauti niliisikia, Hezekia. Nilijua si salamu."

Dada yangu Luciana anasema mimi ndiye niliyemharibia mama uzee wake. Nami nauliza, kwa hoja ipi? Marehemu alikuwa amekwisha kufa. Dakika tisa hazikuwa na uwezo wa kumfufua. Mpango wangu ulikuwa sahihi na mizani ni shahidi. Kinachomuua mama si mazoezi bali ni ulimi wa mjane mmoja na ujinga wa mtaa unaompima mtu kwa idadi ya mara alizosimama njiani. Mama hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba sheria ile ilikuwa yangu, na mimi sikuona faida ya kuliingiza jina langu katika umbea. Nifanye nini ili mama arudie mazoezi, na Mama Hana anyamaze? Sihitaji jina langu lifichwe, kwa sababu sioni kosa la kulifichia.

Hezekia,
Utemini, Singida

MSHAURI ANAJIBU

Hezekia, nianze na stahili yako, maana ipo. Watoto wengi hutuma hela ya dawa wakadhani wamemaliza wajibu. Wewe uliamka kila asubuhi ukatembea na mama yako. Mpango wako wa mazoezi ni mzuri, wasomaji wenye tatizo kama lake wangeweza kuufuata baada ya kumwona daktari. Na miaka mitatu ya kubisha hodi kwenye ofisi zisizofungua ni uchungu, sikatai. Lakini uchungu huo ulikuwa wako, na ukampa mama yako aubebe akitembea.

Umeniletea maswali mawili ukaficha jibu lake katikati ya barua, ndani ya sentensi moja, ukitumaini nitaipita kwa kasi. "Mama hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba sheria ile ilikuwa yangu." Mama yako anaitwa jina la dhihaka mtaani, amefukuzwa jikoni msibani, amempoteza rafiki wa miaka kumi na tisa, na muda wote huo amekukinga wewe usisemwe. Wewe, mwenye shahada, umemwacha akukinge. Kisha unaniuliza kwa nini hataki kutoka nje.

Unasema dakika tisa zisingemfufua marehemu. Mama Hana hakuita mfufuaji. Aliita mikono miwili zaidi.

Na ulijua. Ulijua kwamba nusu saa inaweza kugawanywa, dakika kumi na dakika kumi na dakika kumi, na moyo wa mtu ukafaidika. Ulimpangia mwendo unaomruhusu kuzungumza, kisha ukamkataza kuzungumza. Elimu uliyomficha ndiyo ingemruhusu asimame pale mlangoni. Usiniambie habari ya nidhamu. Ulitaka mtu mmoja akutii kikamilifu, na ukampata yule asiyeweza kukukatalia.

Sasa sikiliza. Sukari ya kumi na saba haitibiwi kwa raba. Mpeleke mama kliniki wiki hii, wampime, waangalie dawa zake na miguu yake, na usimwamshe kwa mazoezi mpaka watakapomruhusu. Atakaporuhusiwa, atembee dakika kumi mara tatu kwa siku, asimame kwa kila anayemwamkia, aulizwe ya mvua na ya mjukuu mpaka waishiwe. Saa yako ibaki nyumbani. Mazoezi ya kiti na ya dumu yaendelee, mara mbili kwa wiki yanatosha kuanzia.

Hayo ni ya mwili, na peke yake hayatafanya kazi, kwa sababu mama yako hatatoka nje kupita kwenye mlango ule ule akiwa Mama Dakika. Kwa hiyo unatangulia wewe. Nenda kwa Mama Hana, peke yako, usimtume Luciana wala mchungaji. Mwamkie shikamoo, usubiri aitikie, na asipoitikia ubaki hapo hapo. Kisha mwambie: nilikuwa kwenye kona, nilimwonyesha mama vidole tisa, yeye alitaka kusimama. Usiongeze neno "lakini." Usimweleze habari ya mapigo ya moyo. Huenda asikusamehe, na ana haki hiyo. Huendi kuchukua msamaha, unakwenda kulirudisha jina la mama yako.

Ulitaka jina lako lisifichwe, nami nimelichapa. Gazeti hili linasomwa Utemini, na Mama Hana akisomewa na mtu mwingine kabla hujafika kwake, utakuwa umempita mara ya pili. Basi liweke gazeti chini uende sasa hivi. Na akikuambia simama kidogo, simama.