Nilijibu Maonyo ya Seva, Mpwa Wangu Anabeba Lawama

Mshauri mpendwa, ejok, yaani hujambo kwa Kiturkana. Nisaidie haraka, maana mpwa wangu Nakaale anataka kuacha kazi kwa kosa ambalo si lake, na mwenye kosa ndiye anayekuandikia.

Mimi ni mlinzi wa studio ya redio hapa Kakuma, ingawa sokoni wananiita Injinia, na si bure, shule niliishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha, na kule mto Kerio mamba aliwahi kunitazama usoni akarudi majini mwenyewe. Sasa vipindi tunavyorekodi vinakaa kwenye seva yetu hapa, na hiyo seva inapeleka nakala kwa seva ya Lodwar, ili moja ikifa nyingine ibaki na sauti za watu. Nakaale, binti wa dada yangu, ndiye fundi wa kompyuta kule Lodwar, na alitengeneza mfumo wa kuangalia kama nakala zinafika, zikikwama onyo linaingia kwenye simu yangu, nikague mtandao, nimpigie, na nisipojibu linaenda kwake. Alinieleza vizuri, lakini siku hiyo nilikuwa na wageni, hadithi ya mamba iko katikati, nikashika maneno mawili tu: jibu SAWA.

Stima ikapotea, iliporudi maonyo yakaanza. Mimi ni mtu wa heshima, kwetu mtu akikusalimia ukanyamaza wewe ni adui ama mgonjwa, basi kila onyo nikalijibu SAWA, tena upesi, na hotelini nikajisifu kwamba mashine za miji miwili zinaripoti kwangu. Kumbe ukijibu, mfumo unajua umeshika kazi, unanyamaza, na Nakaale haambiwi kitu. Halafu diski ya Kakuma ikafa kwa joto, wakafungua ya Lodwar, vipindi vya wiki nyingi havipo, hata sauti ya marehemu mzee Makur, ambaye binti yake Ayak hupita hapa kuniuliza itachezwa lini.

Mkubwa wa Nakaale kule Lodwar, Lokuruka, akaona maonyo yote yamejibiwa, ila mfumo hauandiki ni nani aliyejibu, akasema ni Nakaale alijibu akaendelea na mambo yake. Nakaale akanipigia. "Mjomba, kuna onyo lilikufikia?" Nikasema hapana. Ilitoka kabla sijaifikiria. Akasema, "Basi labda nilijibu mimi nikasahau."

Mshauri, najua napaswa kusema. Lakini nikisema ukweli, si watamlaumu tena, kwa kuwa ndiye aliyewaambia mjomba wake anajua mashine?

Injinia, Kakuma

Mjomba wa Nakaale,

Jina la sokoni sikuiti. Pole, najua aibu inavyochoma, lakini moto huu umeukoka mwenyewe.

Kutojua maana ya SAWA ni ujinga, na ujinga una dawa. Hata huo mfumo una kasoro, kunyamaza kwa neno la mtu badala ya kungoja faili zifike. Mwambie Nakaale aurekebishe, na uandike jina la anayejibu. Ila hiyo hapana yako haikuwa ujinga. Na usijifiche nyuma ya msichana. Ndiyo, watamlaumu kwa kukuamini. Kumwamini mjomba mwenye maneno mengi ni kosa dogo, atalibeba. Kuitwa mzembe kutamfuata kila ofisi atakayobisha hodi.

Usifute ujumbe hata mmoja kwenye hiyo simu. Diski iliyokufa usiiwashe tena, wala usimpe fundi wa simu aifungue. Iombe kwa mkubwa wako, ifunge kwenye nguo safi, uipeleke Lodwar, huenda sauti ya mzee Makur bado imo. Ayak usimwahidi kitu.

Usimweleze Nakaale kwa simu, kwa simu utamtungia hadithi. Nenda mwenyewe useme: "Maonyo yalinifikia, nilijibu mimi, kisha nikakudanganya." Koma hapo. Akikugombeza, sikiliza. Kisha nendeni wote kwa Lokuruka, uiweke simu mezani. Huenda ukafukuzwa kazi. Fukuzwa.

Mtoto huyo hakumbuki kujibu onyo lolote, na bado akaamini neno lako kuliko kumbukumbu zake. Kila siku unayokaa Kakuma anazidi kuishuku akili yake. Magari ya Lodwar yanaondoka asubuhi.

Mama Nakal