Sufuria ya Mwisho Kufunguliwa

Jumapili, 11 Februari

Imerudi tena! Imejaa vilevile nilivyoipeleka. Nadhani hata mfuniko haukuinuliwa.

Mvua toka alfajiri, kuni mbichi, moshi umenitoa machozi mpaka mwanangu Festo akauliza nani kafa. Nikapika uyoga kwa karanga, na ugali wa muhogo. Nikabeba kwenye utelezi wote ule mpaka kwa baba mkwe. Ndiyo sengu yao hapa Maguu — kila Jumapili wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa Mzee Wendelini, na kila mke analeta sufuria yake. Sisi wanawake tunabaki jikoni kwa mama mkwe, tunasikia vicheko tu. Halafu sufuria zinarudi. Ya mama mkwe, tupu. Ya Theresia, imekombwa. Ya Margareta, mke wa kaka wa pili, imebaki makoko. Yangu — nzima nzima!

Tangu tuhamie hapa mwaka jana ni hivyo hivyo. Theresia, mke wa kaka mkubwa, ananifariji eti watu wa milimani hawajazoea vyakula vya ziwani. Uyoga unavuliwa ziwani? Nimeuchuma nyuma ya banda lake la nguruwe!

Ijumaa, 15 Machi

Mama kanitumia samaki wa ziwani, mbasa, toka Liuli, kwa basi. Mkubwa, kakaushwa kwa moshi, nyumba nzima inanukia nyumbani kwetu. Nimemfungia kabatini, paka asinitie aibu.

Baba mkwe kafunga nyama Kwaresima nzima. Ni maharage, maharage, maharage. Jumapili hii hawana ujanja, watakula.

Jumapili, 17 Machi

Hawakula.

Mbasa wa mama yangu! Watoto wamemaliza mpaka kichwa, nikawaangalia tu. Siyo chakula kinachoniuma. Kwenye ukoo huu mke anajulikana kwa sufuria yake. Wataje mchuzi wa Theresia, watu wanalamba midomo. Mimi ni "yule wa Liuli." Watoto watatu nimewazalia, bado ni yule wa Liuli! Nimelia jikoni, na sikuwa na moshi wa kusingizia.

Jumapili, 16 Juni

Leo nimejua.

Nilikuwa nimeshajisalimisha. Nikapika kama wao — maharage mapya, ugali wa mahindi, hakuna hata harufu ya samaki. Imerudi imejaa! Basi siyo ziwa. Nikamvaa mume wangu Florian kabla hajavua viatu: nyie mna nini na chakula changu?

Akanijibu huku anachokonoa meno, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Sufuria zinafunguliwa kwa kufuata ukubwa wa waume. Anaanza mama, anafuata mke wa kaka mkubwa, mpaka wa mwisho. Yeye ndiye kitinda mimba. Wakifika kwangu wameshashiba.

"Kwani ulikuwa hujui?"

Hujui! Nani aniambie, kuku? Miezi yote nabadilisha viungo, najilaumu, nabeba kwenye milima na mabonde — na tatizo ni matumbo yao yamejaa! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila hawa hawamjui hata mpishi.

Nikamwambia aseme na baba yake. Akasema tutaona. Nimeolewa na tutaona.

Jumapili, 11 Agosti

Kuchuma kahawa kumetuua wiki nzima. Mgongo hauna hata pa kushika. Nimepata usipa mzuri, dagaa wa kwetu ziwani, nikaupika kwa nyanya, na nikajiuliza: huu nautembezea nini? Uende ukasalimie halafu urudi?

Watoto wamekula, nimekula. Sufuria nikaijaza maji.

Naam, maji! Nikaifunika, nikaifunga kanga. Mama mkwe kanipokea mlangoni, kaipeleka kwa wanaume, kairudisha. Hakuna aliyegusa. Nimecheka njia nzima, peke yangu, watu wananiangalia.

Jumapili, 8 Septemba

Maji tena. Theresia kauliza nimepika nini leo. Supu, nikasema. Akanionea huruma, eti nisikate tamaa.

Florian bado hajasema na baba yake. Simuulizi tena.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mahindi, la sivyo nitapiga kelele.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu ni Jumapili kumi tu!

Wanaume walikuwa wameshanawa. Nasikia Mzee Wendelini anakohoa, anasema Florian kamwambia neno, na neno ni la kweli. Mkwe wao anapika tangu mwaka jana, na wao hawajui hata mkono wake. "Leo tunaanza na ya Mama Festo. Nyingine zisubiri."

LEO! Kamwanaume ka tutaona — kameona leo! Na hakuniambia!

Sijui nilipitaje mlangoni. Wanawake hatuingii pale. Nikaikwapua sufuria mbele ya mzee: samahani baba, chumvi! Nimesahau chumvi! Maji yakanimwagikia mguuni. Na yeye, kwa upole wa kuniua kabisa: "Usikimbie, mwanangu. Tutasubiri. Hatugusi kingine."

Hatugusi kingine!

Nimekimbia mpaka jikoni kwangu. Usipa umebaki konzi moja, watoto wamejilamba. Nyanya mbili, moja imelegea. Maji yale yale ya sufuria nimeyasongea ugali — angalau yamepata kazi.

Mama mkwe yupo hapa. Sikumsikia akiingia. Nikasema shikamoo. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kukata kitunguu.

"Marahaba. Ninayebeba sufuria yako ni mimi, Careen. Supu haichezi namna ile."

Tangu Agosti anajua! Namuuliza, sasa mama mbona hukusema? Anasema alikuwa anangoja nichoke. Yeye aliolewa na kitinda mimba pia, ila yeye kwenye sufuria aliweka mawe.

Kaonja mchuzi. Kakunja uso. Chumvi hakuna, anasema. Nafungua kopo — tupu kweli! Kopo tupu, ukoo mzima umenawa, na huyo Theresia anakuja mbio uani, kashika pakiti ya chumvi mkononi, ananiita kwa sauti: "Mama Festo, chumvi hii hapa!"