Saa za Mpira

Dada yangu mpendwa,

Kuna sauti haitaki kunitoka masikioni, nivumilie niitangulize kabla ya salamu. Ni ndala za mtu anayeshuka kizimbani. Moja imekatika kamba, kwa hiyo mguu mmoja unapiga na wa pili unakokota: pa, shwaa, pa, shwaa, mpaka mlango wa mahabusu.

Sasa nakusalimu. Hamjambo wewe, shemeji na watoto? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Mimi nahema tu, Dada. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Mliposikia kwamba mawakili wa serikali tumeruhusiwa kujipangia saa za kazi, Mama alisema nimepata kazi ya kulala, nawe ukanitania kwamba sasa nimedeka. Sisi tunaziita saa za mpira, maana zinavutika lakini hazirudi. Wenzangu wawili waliacha kazi, majalada yao yakahamia mezani kwangu. Nilipolalamika, mkuu wetu alinijibu kwa upole kwamba saa ni zangu, mwanangu, nizipange nitakavyo. Nikazipanga. Kazi ikala saa za kula, za kuoga, na ile Jumapili niliyowaahidi kuja. Bado kila asubuhi hakimu anaketi, nami nasimama mbele yake na majalada ambayo sijayafungua.

Ndipo nikajifunza sentensi moja. Kama hukusoma jalada, unainama kidogo, unasema upelelezi haujakamilika, unaomba tarehe nyingine. Hakuna anayekuhoji. Mwenzangu mcheshi huiita dawa ya maumivu. Mshtakiwa anarudi rumande, wewe unarudi mezani.

Yule wa ndala anashtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Nimemrudisha rumande mara nyingi hivi kwamba mwezi uliopita, kabla sijafungua kinywa, aliisema sentensi yangu yeye mwenyewe, kwa sauti yangu, na kuinama akainama. Watu wakacheka. Hakimu akacheka. Nami nikacheka, Dada. Kisha akashuka.

Nilimwendea mkuu nikamwambia kwamba uchovu wangu unafunga watu. Akasema kila mtu ana mzigo wake, nikapumzike, kwani saa si ni zangu.

Ukweli ambao sijamwambia mtu wa nyumbani ni huu: upelelezi wa kesi ya baiskeli ulikamilika zamani. Jana mshtakiwa alipoitwa, nilimweleza hakimu hivyo, na kwamba anayesubiriwa siku zote ni mimi, kwa sababu sijasoma. Hakimu akaniuliza kama najua ninachokisema. Nikasema najua, na kwamba ndivyo ilivyo kwa majalada yote niliyobeba asubuhi ile, nikawataja washtakiwa wake mmoja mmoja. Yule wa ndala ameachiwa kwa dhamana. Wengine sijui. Nilidhani nitapata nafuu, sikuipata.

Mkuu alisema nimeivua ofisi nguo hadharani. Akanitaka niandike kwamba nilikuwa mgonjwa na sikujua nilichokisema, la sivyo nisirudi kazini.

Msalimie shemeji, wakumbatie watoto. Mama mwambie taratibu, akiwa ameketi, kwamba nimeandika sikuwa mgonjwa, na leo asubuhi nimempelekea mkuu barua hiyo mkononi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba