Wananiambia Nilishawaaga, na Mimi Nataka Kugombea

Mpendwa Shangazi Edah,

Nakusikiliza redioni kila wiki nikimenya karanga na mama, tunacheka unavyowagombeza watu, na sikujua kama siku moja na mimi nitakuandikia, lakini naomba msaada wako, maana hapa nyumbani kila ninayemweleza ana upande wake na hakuna aliye upande wangu.

Naitwa Awor, nimezaliwa Paya huku Tororo, Uganda, baba yangu ni mzee Obbo, mkulima. Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani nikipalilia tu, mpaka nikasikia kuna shirika linachukua wasichana kwa intanshipu, wanakuweka chini ya mwanamke kiongozi umfuate na kujifunza kazi yake, ili baadaye na wewe ugombee kwenu, basi nikaomba nikapata, wakanipeleka kwa Mheshimiwa Amuge ambaye ni diwani katika baraza la wilaya, na Shangazi, miezi ile ndiyo niliyoishi vizuri kuliko yote. Nilibeba mkoba wake, nilimwandikia hotuba, nilimwona akibishana na wanaume wakubwa mpaka mishipa ikamtoka shingoni, kisha chai ikija anawamiminia huku anawatania, na wao wanasahau walikuwa wamekasirika.

Siku moja nilikuwa nimekaa benchi la wageni nyuma ya ukumbi, wakawa wanapanga visima gani vya pampu vitengenezwe, spika wa baraza akataja Paya, akatazama huku na huku, hakuna aliyesimama, maana diwani wetu hakuja, na mara nyingi haji, basi akapita tu na pampu ikapewa watu wengine. Ile pampu yetu ndiyo mama yangu alikuwa anachotea maji, imekufa, sasa anateremka bondeni na magoti yake yale. Nilishika benchi kwa mikono miwili nisije nikasimama. Tangu siku hiyo nakitamani kile kiti, Shangazi, nakitamani mpaka aibu, nikiwa shambani peke yangu najikuta nasema, "Mheshimiwa Spika, Paya tupo," halafu natazama kama kuna mtu amenisikia.

Sasa shida yangu. Nina mpenzi wangu anaitwa Chrispinus, ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, anavuka kuja huku kununua karanga na kwenda kuziuza sokoni kwao, ndivyo tulivyojuana, alikuja kupima gunia la baba akawa ananitazama mimi badala ya mizani. Nampenda, sitaki kudanganya. Wiki asiyokuja sina raha, kila pikipiki ikipita natoka nje kama nina shughuli. Alishaniambia anataka kunioa, mimi nikamwambia tungoje kidogo, lakini sikumwambia tunangoja nini.

Basi kukatokea msiba kwetu Paya, amefariki mzee mmoja aliyeheshimiwa sana, na wewe unajua huku kwetu mazishi ndiyo mkutano wenyewe, kila mwenye kutaka kura lazima aonekane na aseme neno kabla padri hajaanza. Mheshimiwa Amuge alikuwa na kikao Tororo akanituma nimwakilishe, nisome rambirambi zake, na mimi nikafurahi moyoni, Mungu anisamehe, nimefurahi kwenye msiba, kwa sababu nilijua watu wetu wote wataniona nimeshika kipaza sauti. Nilivaa vizuri, nikaketi viti vya wageni. Anayeendesha mazishi huku ni Bwana Bartholomew, na yeye hampi mtu kipaza sauti kabla hajamuuliza mbele ya watu wote, "Wewe ni wa nani?" Ndiyo desturi, mwanaume anataja ukoo, mwanamke anataja mume. Hata Mheshimiwa Amuge mwenyewe huanza na jina la mume wake ndipo watu wanyamaze wamsikilize. Na msichana wa umri wangu akisema yeye ni wa baba yake, kina mama wanaangaliana, wanajua huyo bado yuko jikoni kwa mama.

Niliogopa kuchekwa, Shangazi. Nikasema, "Mimi ni wa Chrispinus, wa Busia, ng'ambo Kenya."

Watu wakaguna kwa furaha, Bwana Bartholomew akatabasamu akasema binti yetu amekuja kutuaga, tumempata mkwe Kenya, Mungu amtangulie huko aendako, na wazee wakapiga makofi kidogo kama inavyopigwa msibani. Nikasoma zile rambirambi, lakini hakuna aliyesikiliza tena. Nilipokaa kina mama walikuja kunishika mikono wakaniuliza sherehe ni lini, na kusema kweli nilisikia utamu, niliona leo nimekuwa mtu mzima.

Intanshipu ikaisha, Mheshimiwa Amuge akaniambia usipoteze muda, kiti cha mwanamke wa Paya kitakuwa wazi uchaguzi ujao, nenda ukaongee na watu wako. Nikaenda. Nyumba ya kwanza wakanikaribisha vizuri, wakanipa uji, nikawaeleza nia yangu, wakatazamana, halafu yule mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kabisa, "Awor, si ulishatuaga?" Nyumba ya pili hivyo hivyo. Kanisani hivyo hivyo. Na kuna Babra, tulisoma naye, ameolewa hapa hapa Paya, na yeye anataka kiti hicho, wala hanitukani, anasema tu mwenzetu tunamtakia heri huko Kenya. Nimejaribu kueleza kwamba sijaolewa, mmoja mmoja, kisimani, njiani, wanasema sawa, sawa, lakini naona hawaamini.

Tena habari zilivuka mpaka kabla yangu. Chrispinus aliambiwa na wauza karanga kwamba ametajwa msibani mbele ya ukoo mzima, akafurahi mno, akamwambia mama yake, na sasa watu wake wanajiandaa kuja kwetu kujitambulisha kabla ya mavuno, baba ameshakubali, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, kwa sababu wanaona nilishajibu mwenyewe.

Nikivuka, kule mimi si raia, sina kura wala kiti, nitakuwa mke wa Chrispinus na basi. Nikibaki, hapa wananiona mgeni aliyechelewa kuondoka. Namtamani yeye na nakitamani kiti, nikimfikiria mmoja machozi yananitoka kwa ajili ya mwingine. Shangazi, nivuke au nibaki? Na kama ni kubaki, nitaurudishaje ule ulimi wangu?

Ni mimi Awor, Paya.

SHANGAZI EDAH ANAJIBU:

Awor mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuhurumia, mara ya pili nikatamani uwe karibu nikufinye sikio. Nianze na kufinya.

Unasema ulimi wako. Uache ulimi, haujakosa. Ulimi ulisema ulichotaka kusema: ulitaka heshima ya haraka, ukaazima jina la mwanaume ambaye hakuwepo, na wala hukuwa umemkubalia. Heshima ya kuazima mwenyewe huja kuichukua, na ndiyo hao sasa wanakuja kujitambulisha. Hao watu wa Paya usiwalaumu. Waliuliza swali, ukajibu kwa kipaza sauti, wakakusadiki. Ungetaka wafanyeje?

Haya, sasa nikuhurumie. Mimi ni mtu wa Lumino, hapo mpakani, nimehudhuria mazishi ya pande zote mbili mpaka nimechoka kula wali wa msiba, na hilo swali nalijua. Linawasumbua wanawake wote. Ukigombea ulikozaliwa wanasema huyu ni wa kuolewa, ataondoka. Ukigombea ulikoolewa wanasema huyu amekuja juzi, kwao si hapa. Na wewe wa mpakani umezidi, maana ukiolewa hapo ng'ambo hata kura huna. Hao waliokufundisha walifanya kazi nzuri, nawapongeza, lakini walikufundisha kusema ukumbini tu. Kusema msibani kwenu ulipaswa kujifunza kwa mama yako.

Sasa nisikilize. Umeniandikia mimi maneno mengi hivi, nawe hunijui ila sauti. Je, Chrispinus umempa maneno mangapi? "Tungoje kidogo." Hayo ndiyo aliyopata, maskini. Kijana wa watu anashona suti, hajui kwamba ana mpinzani na mpinzani wake ni kiti. Akija kwa karanga wiki hii, mkalishe chini umwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie unampenda. Mwambie unataka kugombea. Mwambie kuhusu pampu na magoti ya mama yako. Kisha umwombe awazuie watu wake wasije kabla ya uchaguzi. Na kwa baba yako nenda siku hiyo hiyo, piga goti kama binti anavyopiga, lakini sema, maana mzee Obbo akiambiwa na mkwe kabla yako atakasirika kwa haki.

Chrispinus anaweza kukataa. Jiandae kwa hilo, utaumia, nami sitakudanganya kwamba utapona upesi. Lakini fikiri jambo hili. Yeye anavuka mpaka kila mara na magunia yake, na hakuna Msamia hata mmoja aliyewahi kusema Chrispinus ametuaga, amekuwa wa Uganda. Anavuka, anarudi, ni mtoto wa kwao vile vile. Kama anaweza kuvuka kwa ajili ya karanga, mwulize kama ataweza kuvuka kwa ajili ya mke, mkae Tororo, yeye aende sokoni kwao na kurudi. Najua wanaume wa huku wanaona aibu kumfuata mke. Aibu hiyo aibebe yeye kidogo, mbona wewe unatakiwa kuiacha nchi nzima? Jibu lake litakuonyesha kama ni mume au ni mnunuzi.

Usiniambie utaolewa kwanza halafu hamu ya kiti itapoa yenyewe. Haitapoa. Nawajua wanawake wengi waliovuka na hamu zao, wanapika, wanazaa, wanaimba kwaya, na ukiwasha redio siku ya matokeo wanaacha mwiko chunguni. Hamu kama hiyo inazeeka na mwenyewe.

Na hao wa Paya. Acha kuzunguka nyumba kwa nyumba ukijitetea. Neno lililosemwa mbele ya watu wote halifutwi kwa kunong'ona kisimani. Litengeneze pale pale ulipoliharibia. Ule msiba haujaisha, bado familia itakaa siku ya kuondoa matanga, ambayo huku kwetu huja baada ya miezi, na watakuja watu wale wale, na Bartholomew wenu na kipaza sauti chake. Nenda mapema. Usivae ile nguo, na viti vya wageni usivisogelee. Nenda nyuma ya nyumba umenye muhogo na kina mama, uteke maji, na kama ni ya bondeni basi uteremke bondeni nao. Wakikutania kuhusu Kenya, cheka, usijibu. Babra akiwepo, mpe kisu mmenye pamoja, yeye si adui yako, ni mwanamke anayetaka kiti kama wewe.

Huenda Babra akashinda. Sikuahidi kura, mimi si tume ya uchaguzi. Ukishindwa mwaka huo, utakwenda ukae tena kwenye lile benchi la wageni, kila kikao, na spika akitaja Paya na mtu asisimame, utajua la kufanya, waache wakutoe nje. Watu wetu wana kumbukumbu ndefu, wamekumbuka neno moja ulilosema vibaya, watakumbuka na hilo.

Lakini kabla ya hayo yote ni siku ya matanga. Mkimaliza kupakua, mwendee Bartholomew umwombe dakika moja. Atakuuliza mbele ya watu, maana anamuuliza kila mtu, "Wewe ni wa nani?" Hapo usihutubie, usiombe kura, usimtaje Chrispinus wala Mheshimiwa Amuge. Wacha wakina mama waangaliane wanavyotaka. Sema, "Mimi ni Awor wa Obbo, wa hapa Paya. Sijaaga." Umrudishie kipaza sauti chake, urudi nyuma ya nyumba ukaoshe sahani.