Adapta za Karel

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Ibra, Omani, sote wazima, alhamdulillah, na bibi yako amepona mguu.

Unauliza kama adapta, vile vyuma vya kupachika kati ya kiatu na skii, zitakufaa kupandia mlima wa theluji kwa skii zako, hizo mbao za kuteremkia. Zitakufaa, ingawa nzito. Nilipokuwa nasoma Ulaya nilitia za kuazima, kisigino, ambacho skii hizo hukibana, kikapata kunyanyuka, nikapanda kwa furaha. Karibu na kilele moja ikavunjika, na theluji ilikuwa ya mapajani. Rafiki yangu Karel akavua zake, akanipa.

"Na wewe?"

"Mimi nimezaliwa kwenye theluji. Wewe umezaliwa Unguja."

Akapanda kwa miguu nyuma yangu, anahema na kucheka.

Mwaka jana nilimpigia simu kumshukuru. Akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka, mwanangu, na kila nikisali namtaja.

Babu yako