Kilo Nne Zilizobaki Njiani

Simbeye, ndugu yangu wa safari,

Binti yako ananimaliza. Naanza na hilo kwa sababu salamu nilikupa kaburini na sijazibadilisha. Barua hii naandika kwa mkono wangu, leo ni siku ya nne. Eliza alisema, "Baba mkubwa, nitajie nikuandikie." Nikamwambia mtu aliyefika darasa la tatu Mbozi Misheni, tena la tatu la enzi zile, haandikiwi barua. Sikumwambia kwamba hilo la tatu sikulimaliza. Wewe unajua, na wewe husemi tena.

Pale hospitali ulinishika mkono ukasema, "Mwanangu asikae bure." Nikatimiza. Alipomaliza kidato cha nne nilimweka kwenye mizani ya stoo yetu hapa Tunduma, na huu ni mwaka wa saba. Hakuna mpima chumvi kama yeye mpakani hapa, ukiniondoa mimi. Akina mama wa Kizambia wanavuka asubuhi wakiulizia mucele, ndiyo chumvi kwa lugha yao, wananipita mimi mwenye stoo kama gunia tupu, wanakwenda kwake. Nikajua kazi uliyonipa nimeimaliza.

Kumbe mtoto anataka chuo cha biashara. Nilimuuliza ni biashara gani hiyo inayofundishwa kwenye dawati, wakati mimi na baba yake tulifundishwa na barabara ya kwenda visima vya chumvi vya Ivuna na matope yake. Akanijibu kwa adabu, ile adabu yako ya kuudhi, "Ni hiyo hiyo, Baba mkubwa, ila wao wanatoa cheti." Na kuingia huko ni mpaka ufanye mtihani, Mbeya, pamoja na watoto waliotoka shule jana.

Tangu hapo stoo si stoo. Kitabu kinakaa chini ya mizani. Anapima gunia, anachungulia. Anashona mdomo wa gunia huku mdomo wake unacheza. Unyevu wa chumvi ukaingia kwenye karatasi, kurasa zikashikana, akaanza kukiviringisha kitabu kwenye nailoni kama mgonjwa. Kazi hajaiacha, hilo nalisema kweli. Anafungua saa moja, anafunga saa kumi na mbili, ndipo anakwenda kwa mwalimu mmoja wa sekondari anayefundisha jioni. Lakini amekonda. Siku moja alisinzia amesimama, amepanda juu ya mizani kuegemea nguzo, nikaona mshale umesimama kwenye kilo zake. Nilikasirika, maana zilikuwa chache.

Nikaamua kumsaidia. Mtu kama mimi, niliyefanya biashara ya chumvi tangu ile ya serikali ilipokuwa ya foleni mpaka leo hii ya pakiti inapotutukana dukani, nitashindwaje na kitabu? Nikamwambia, nisomee swali.

Akasoma. Mfanyabiashara amenunua magunia arobaini ya chumvi, kila gunia kilo tisini. Ameyasafirisha mpaka mjini, akawagawia wauzaji watano sawasawa. Kila mmoja amepata kilo ngapi? Eliza akaandika mia saba na ishirini.

Nikamwambia futa. Gunia la Ivuna likipakiwa kilo tisini, hapa linafika themanini na sita. Chumvi inatoka kisimani bado inalia. Inachuruzika njia nzima. Kila muuzaji atapata mia sita themanini na nane, na aliyetunga swali hilo hajawahi kubeba hata kijiko.

Si unakumbuka, Simbeye? Safari yetu ya kwanza tulipima hapa tukakuta kila gunia limepungua. Nikamkaba dereva. Nikamwita mwizi mbele ya watu, nikamwambia atatapika kilo zangu. Wewe uliyelala juu ya magunia njia nzima ukashuka, ukatugeuzia mgongo. Suruali yote imelowa chapachapa, nyuma imeanza kuganda nyeupe. Ukasema, "Mwachie mtoto wa watu. Mwizi wako huyu hapa." Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu.

Sasa elimu kama hiyo nimnyime mwanao? Nikamsahihishia maswali mengine mawili ya namna hiyo. Akasita, akasema kwenye majibu ya mwisho wa kitabu wameandika vingine. Nikamuuliza, "Kitabu kimefika Ivuna mara ngapi?" Akaandika ya kwangu.

Mwalimu akawapa mtihani wa majaribio, maswali ya kitabu hicho hicho. Eliza akarudi na karatasi ameikunja ndogo sana. Ameanguka, tena kwa maswali matatu tu. Yale matatu.

Nikapandwa na hasira. Nikakodi mkokoteni, nikapakia gunia bichi, nikalipeleka mpaka kwa mwalimu, nikalitua kwenye sakafu ya darasa lake. Nikamwambia pima leo, pima keshokutwa, kisha uniombe radhi. Kijana mpole, amevaa tai. Akaliangalia gunia, akasema, "Mzee wangu, chumvi ya kwenye karatasi haichuruziki."

Nikamwambia basi isinunuliwe.

Akasema, "Sawa, mzee. Lakini akijibu hivi Mbeya, ndiyo basi. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema hakuna, amekosea mwenyewe."

Nilisimama pale, Simbeye. Maji ya chumvi yanatambaa kwenye sakafu yanaelekea viatu vyangu. Mtoto alikuwa na jina langu mdomoni akalimeza.

Sikuomba radhi. Unanijua, hata dereva yule sikumwomba. Nilimwambia tu Eliza kwamba mpaka siku ya mtihani asionekane stoo kabla ya saa nne, na kwamba akikutana na gunia kwenye karatasi aliache hivyo hivyo kavu. Asubuhi nikapima mwenyewe. Mgongo unauma. Mama mmoja mnene wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisema ninapima kama ninayegawa dawa. Ni mwongo, mkono wangu haujabadilika.

Siku ilipofika nilimsindikiza Mbeya. Hakutaka. Nikakaa nje ya geti la chuo toka asubuhi, mlinzi akanifukuza mara mbili, mara ya tatu akaniletea kiti. Eliza alipotoka nikamuuliza, kulikuwa na gunia? Akasema lilikuwepo, ila la mahindi. Nikafungua mdomo, maana mahindi nayo yanakauka njiani. Akaniwahi, "Baba mkubwa, nimeandika wanavyotaka."

Tukapanda basi kurudi. Tulipopita Vwawa akasema taratibu, anatazama dirishani, "Nilipomaliza, muda ulikuwa umebaki. Nikayahesabu tena kichwani kwa njia yako, nijue zingefika kilo ngapi." Nikajifanya nimelala. Macho yalikuwa yananiwasha, ni vumbi la barabara ile.

Majibu yametoka. Amepita. Anaondoka Jumatatu na sanduku lako lile la bati, na mimi nitabaki na mizani na akina mama watakaouliza dada yuko wapi. Umenipa mtoto nimlinde, nimemlinda mpaka ananikimbia. Hiyo ndiyo kazi uliyoniachia?

Lakini nakuahidi, na unajua neno langu halipungui njiani. Hata nikipima vibaya, hata mgongo ukikataa, sitamtumia ujumbe arudi. Akija likizo atakuta mizani imefutwa na pale chini ya mizani, mahali pa kitabu chake, hapajawekwa kitu.

Mkono umechoka. Lala pakavu, ndugu yangu.

Ni mimi, mkaba madereva.